Kutafuta Chuo Kizuri cha Kuchomelea Vyuma Mombasa Bila Kufilisika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nina karakana ndogo ya mageti na matangi huku Changamwe, na kila mwaka napokea vijana wa mafunzo ya kazini kutoka vyuo mbalimbali. Kwa hiyo wazazi hunijia, mmoja na matokeo ya KCSE ndani ya bahasha, mwingine na kijana nyuma yake anayetazama viatu vyake. Maswali yao ni yale yale, na majibu yangu ni haya.

## Ya mwanzo

Ufundi wa vyuma ni kuchomelea tu?

La. Kuchomelea ndiko kunakoonekana kwa sababu ya cheche, lakini ni tawi moja. Kuna ukerezaji, yaani kuchonga vipande kwa mashine ya kukereza: shafti, bushi, nati za pekee. Kuna kazi ya mabati na mabamba, ambapo fundi hukunja na kuunda matangi, mifereji ya maji ya mvua na mabomba ya hewa. Kuna ufundi wa mabomba ya viwandani. Na kuna uhunzi wenyewe, wa fuawe na koleo, ambao vyuo vingi vimeuacha ukaishi mikononi mwa wahunzi wa mtaani.

Kijana asiyependa joto na moshi huenda akafaa sana kwenye ukerezaji, kazi inayotaka vipimo vya hali ya juu na utulivu. Muulize kabla hujalipa. Hapa chini nazungumzia zaidi kuchomelea, kwa kuwa ndiko wengi wanakoelekea.

Kijana wangu alipata D. Atachukuliwa?

Ndiyo. Stashahada, ambayo ni kiwango cha sita, kwa kawaida hutaka C ya kutoa. Cheti cha ufundi, kiwango cha tano, hutaka D. Aliyepata chini ya hapo huanzia ngazi ya fundi wa mwanzo (artisan), na kutoka hapo anapanda ngazi kwa ngazi. Nimewahi kuwa na kijana wa alama ya E aliyechomelea mstari ulionyooka kuliko wa mwenye stashahada, na leo ndiye anayemsimamia.

Usikubali chuo kikwambie "alama si kitu, mlete tu kwenye stashahada". Siku ya kusajiliwa kwa mtihani zile alama zitaulizwa, na utakuwa umelipa mihula miwili ya bure.

Masomo huchukua muda gani?

Kozi fupi za kuchomelea huenda kwa miezi mitatu hadi sita. Cheti cha ufundi huchukua kama mwaka mmoja hadi miwili, na stashahada hufika miaka mitatu pamoja na mafunzo ya kazini. Mtaala mpya hupima umahiri, yaani unapimwa kwa kazi unayoweza kuifanya. Muda wa kukaa darasani peke yake haukupitishi. Kwa hiyo mwenye mkono mwepesi anaweza kumaliza sehemu fulani mapema, na aliyekwama hurudia sehemu ile ile aliyokwama.

Kwa nini nisimpeleke tu kwa fundi wa jua kali ajifunze bure?

Si wazo baya, na nisingekuwa mkweli kama ningelidharau. Mimi mwenyewe nilianzia huko, Majengo, nikishika chuma huku bwana akichomelea. Kwa fundi wa jua kali utajifunza kasi, bei, namna ya kuongea na mteja, na namna ya kuokoa kipande kilichokatwa vibaya. Usichojifunza ni kusoma mchoro wa kiufundi, kuchagua rodi (kile kijiti kinachoyeyuka na kuunganisha vyuma) kwa aina ya chuma, na kwa nini kazi iliyopendeza macho inaweza kupasuka. Tena miwani ya jua ndiyo inayotumika kama kinga ya macho, jambo la hatari kubwa (tazama swali la macho na kifua huko chini).

Nionavyo, njia nafuu kuliko zote ni kuchanganya: miezi michache kwa fundi mwaminifu ili kijana ajue kama anaitaka kazi, kisha chuo, kisha cheti. Na kwa aliyekwisha kaa jua kali miaka, iko njia ya mkato halali, nayo nimeieleza kwenye sehemu ya vyeti.

## Vyuo vyenyewe

Mombasa kuna vyuo gani vya umma?

Kikongwe kuliko vyote kiko Tudor. Kilianza miaka ya 1940 kama Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ile ambayo wazee bado wanaiita MIOME, kikawa Mombasa Polytechnic mwaka 1972, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Shahada isikutishe, kwani bado kina mafunzo ya ngazi za chini. Kisauni kuna Kenya Coast National Polytechnic, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina lake la zamani la Mombasa Technical. NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, ina kituo chake hapa mjini. Anayetaka kazi za meli na bandari aulize Bandari Maritime Academy.

Halafu kuna vituo vya ufundi vya kaunti, vile tulivyokuwa tukiviita polytechnic za vijana. Tangu ugatuzi wa 2013 viko chini ya serikali ya kaunti. Watu huvipita kama hawavioni kwa sababu majengo ni ya kawaida, lakini baadhi vina mwalimu mmoja aliyeiva na darasa dogo, na karo yake ndiyo ya chini kuliko zote. Anza kwa kile kilicho karibu na kwenu.

Chuo cha kibinafsi ni cha kuogopwa?

Si lazima. Kipo cha kibinafsi chenye mashine nne na wanafunzi kumi na wawili, ambacho kitamfundisha mwanao vizuri kuliko chuo kikubwa chenye mashine nane na wanafunzi mia. Ninachokiogopa ni chuo kilichoko ghorofa ya pili juu ya duka la simu. Kuchomelea hakufundishwi ghorofani kwenye ubao. Ukiambiwa "karakana yetu iko kwingine, mtapelekwa muhula wa pili", sema asante na ushuke ngazi.

Nitajuaje kama chuo kimesajiliwa?

TVETA ndiyo mamlaka inayotoa leseni kwa vyuo vya ufundi Kenya, chini ya sheria ya mwaka 2013, nayo huweka orodha ya vyuo hivyo kwenye tovuti yake. Tafuta jina kamili, si lile lililo kwenye bango la barabarani.

Hapo wengi huishia, na hapo ndipo wanapokosea. Leseni ya chuo ni jambo moja, idhini ya kufundisha kozi fulani ni jingine, na usajili wa mwalimu ni la tatu. Chuo kinaweza kuwa na leseni halali ya kufundisha kompyuta na upishi, kisha kikaongeza kuchomelea kwa sababu soko limechangamka. Uliza hivi: "Naomba kuona idhini ya kozi ya kuchomelea, na mtahini ni nani?" Jibu liwe CDACC (baraza la mitaala na mitihani ya ufundi), NITA au KNEC (baraza la taifa la mitihani). Ukiambiwa "cheti chetu cha ndani", elewa kwamba hicho ni karatasi tu. Chuo cha kweli kitakuonyesha bila kununa.

## Pesa

Karo ni kiasi gani?

Kwenye vyuo vya umma, mwaka 2018 serikali iliweka karo ya pamoja ya shilingi 56,420 kwa mwaka. Kwa mwanafunzi aliyepangwa kupitia KUCCPS, taasisi ya serikali inayowagawia wanafunzi nafasi vyuoni, serikali ililipa 30,000, na mzazi akabaki na 26,420. Tangu 2023 mfumo umebadilika, na ufadhili na mkopo hupimwa kwa uwezo wa familia, kwa hiyo watoto wawili wa darasa moja wanaweza kulipa viwango tofauti. Chukua hizo za 2018 kama kipimo cha akili tu, kisha uitishe karatasi ya karo ya mwaka huu yenye muhuri.

Jambo moja linalowaponza wengi: aliyeingia chuoni kwa mlango wake mwenyewe bila kupitia KUCCPS huenda akakosa ufadhili huo. Hata kama chuo kiko karibu na nyumbani na mkuu wa idara ni jirani, pitia KUCCPS.

Kuna gharama gani ambazo haziandikwi?

Nauli kwanza. Kijana wa Likoni anayesoma Kisauni huvuka feri bure kwa miguu, lakini kutoka hapo ana matatu hadi mjini na pengine ya pili, kwenda na kurudi, siku tano kwa wiki. Zidisha kwa wiki kumi na mbili za muhula kabla hujasema chuo fulani ni rahisi. Familia kadhaa zimegundua kwamba nauli inakaribia karo.

Pili, vifaa vya kinga: ovaroli ya pamba (nailoni huyeyuka mwilini), buti za ngozi, glavu ndefu, ngao ya uso. Uliza chuo kinatoa nini na mwanafunzi ananunua nini. Tatu, ada ya mtihani, ambayo mara nyingi haimo ndani ya karo. Nne, na hii ndiyo ya kukasirisha, vyuo vingine huwaambia wanafunzi waje na rodi na chuma chao wenyewe. Kama ni hivyo, karo ile ndogo ulikuwa unalipia kiti na paa.

Naweza kupata mkopo au basari?

HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, huwakopesha wanafunzi wa vyuo vya ufundi vya umma. Ni mkopo, unarudishwa, na asiyeurudisha hufuatwa. Basari za NG-CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, hutolewa na ofisi ya eneo bunge lako, iwe Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali, Likoni au Mvita, na kaunti nayo ina basari zake kupitia wadi. Fomu hutoka kwa muda mfupi na haraka hujaa. Mama mmoja wa Mikindani aliniambia siri yake: huenda ofisini kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi hata kama hakuna tangazo, hadi karani akamjua kwa jina.

Barua ya kupokelewa chuoni huhitajika karibu kote, basi anza na hiyo.

Chuo kinataka karo ya mwaka mzima kwa mpigo na kunipunguzia. Nikubali?

Usikubali. Lipa kwa muhula, kwa benki au kwa nambari ya malipo yenye jina la chuo. Usitume kwa simu ya mwalimu. Punguzo kubwa la kulipa mwaka mzima mara nyingi ni dalili ya chuo kinachotafuta kodi ya mwezi huu. Na risiti zihifadhi, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

## Ubora: hapa usiwe na haraka

Nikienda kutembelea chuo niangalie nini?

Nenda siku ya kazi saa nne asubuhi, bila miadi. Siku ya maonyesho kila chuo ni kizuri.

Kabla hujafika mlangoni, sikiliza. Karakana inayofundisha ina kelele: grainda, nyundo, ule mlio wa rodi inayoungua kama mafuta yanayokaanga samaki. Kimya cha saa nne ni jibu tosha. Ndani, tazama chini na kwenye mapipa. Kuna vishina vya rodi zilizoungua? Kuna maganda ya mshono yaliyobanduliwa? Sakafu safi kama ya msikiti haipendezi hapa. Tafuta vipande vya mazoezi: mabamba yaliyojaa mistari kutoka ukingo hadi ukingo, mibovu kwa mizuri. Waulize wakuonyeshe vile vilivyokatwa katikati au kukunjwa kwa jeki, kwa sababu mshono unajulikana ubora wake ukivunjwa. Mwalimu asiyevunja kazi ya mwanafunzi anapima rangi tu.

Kisha uliza swali ambalo wazazi hawaliulizi: kila mwanafunzi anaunguza rodi ngapi kwa siku ya karakana? Rodi ya milimita 2.5 huungua kama dakika moja hivi. Maana yake rodi ishirini ni dakika ishirini tu za moto, na mkono hauzoei kwa chini ya hapo. Rodi za ukubwa huo huwa kama hamsini kwa kilo, kwa hiyo darasa la watu thelathini wakiunguza ishirini kila mmoja linamaliza karibu kilo kumi na mbili kwa siku moja. Omba uone stoo. Ukikuta pakiti tatu zenye vumbi, hesabu imekwisha.

Sasa linganisha bei kwa hesabu hiyo hiyo. Tuseme chuo cha kwanza kinataka 18,000 kwa muhula na kinatoa rodi tano kwa siku. Siku tatu za karakana kwa wiki, wiki kumi na mbili, ni dakika 180, yaani saa tatu za moto. Cha pili kinataka 26,000 na kinatoa rodi ishirini: saa kumi na mbili. Cha kwanza unalipa 6,000 kwa kila saa ya moto. Cha pili hakifiki 2,200. Kile cha "bei nafuu" kimekuwa ghali karibu mara tatu. Nililijua hili nikiwa nimechelewa, baada ya kukaa miezi sita kwenye chuo ambacho sitakitaja, nikiandika daftari mbili zilizojaa na kuchomelea mara tisa. Nilihesabu.

Mwisho angalia foleni. Mashine moja kwa watu wawili au watatu ni sawa, mmoja akichomelea mwingine anakata na kupiga tupa. Mashine moja kwa watu kumi ni kituo cha matatu.

Mwalimu mzuri namjuaje?

Mwombe achomelee. Kwa heshima, lakini mwombe: "Mwalimu, naomba nione mstari mmoja." Fundi wa kweli atavaa ngao akitabasamu. Tazama pia mikono na mikono ya shati. Madoa ya cheche hayadanganyi. Na umuulize amefanya kazi wapi nje ya darasa. Aliyewahi kutengeneza meli Mbaraki au kuunganisha mabomba ya mafuta huko Shimanzi ana visa ambavyo kitabu hakina.

Chuo hakina mashine za MIG na TIG. Nitafute kingine?

Kwa anayeanza, hapana. MIG na TIG ni njia za kuchomelea ambazo mshono hukingwa kwa gesi. Kuchomelea kwa rodi ndiyo alfabeti. Mageti, vizimba, matela na sehemu kubwa ya matengenezo mjini hapa bado hufanywa kwa rodi, tena rodi huvumilia upepo wa pwani ambao hupeperusha gesi ya kukinga ya MIG. TIG inahitajika kwa chuma kisichopata kutu na alumini: jikoni za hoteli, matangi ya maziwa, boti. Ijifunze ukishakuwa na mkono, kwa kozi fupi ya pekee.

Ila uliza kuhusu rodi zenyewe. E6013 ni ya kawaida na hailalamiki. E7018 ni ya kazi nzito, na ni rodi yenye haya: ikikaa wazi hunyonya unyevu, unyevu huleta haidrojeni ndani ya mshono, na mshono unaweza kupasuka saa kadhaa baada ya fundi kwenda nyumbani. Kwa hewa ya Mombasa hili si jambo la kitabuni. Chuo kinachofundisha E7018 kiwe na oveni ya kuziweka zikiwa kavu na za moto. Kukiona kitanuri hicho kidogo pembeni, kikiwa kimewashwa, ni habari njema kuliko bango lolote la rangi.

Mafunzo ya kazini chuo kinatafuta au natafuta mwenyewe?

Uliza kabla ya kujisajili, na utake majina ya karakana walikopelekwa wanafunzi wa mwaka uliopita. Kisha zipigie simu au zifikie. Mimi hupokea barua nyingi kuliko nafasi, na huwa nachukua kutoka vyuo viwili vitatu ambavyo vijana wake hawaji kujifunza kushika grainda kwangu. Nikiulizwa na mzazi huwa namwambia wazi ni vipi. Wenye karakana wengine watakwambia pia, ukiwakuta wakati wa chai.

## Vyeti

NITA na CDACC tofauti yake nini? Kipi bora?

CDACC hutunga mitaala ya umahiri na kutahini wanaosoma vyuoni kwa viwango. NITA hutoa majaribio ya ufundi kwa madaraja: la tatu ndilo la kuanzia, kisha la pili, na la kwanza ndilo la juu. Jaribio la NITA anaweza kulifanya hata asiyepita chuoni, mradi mkono wake unaweza. Waajiri wengi wa mjini hapa, hasa wa viwandani, wanayajua madaraja ya NITA tangu zamani na huyaamini. Anayetaka kuendelea hadi stashahada ahitaji njia ya CDACC. Si vibaya kuwa na vyote viwili.

Vyuo vingi vilivyokuwa vikitahiniwa na KNEC vimehamia mtaala wa umahiri, kwa hiyo kama ndugu yako mkubwa alisoma kwa KNEC, ushauri wake kuhusu mitihani umepitwa na wakati kidogo.

Nimechomelea miaka kumi bila cheti. Nianze upya darasani?

Hapana. Jaribio la NITA ndilo lango lako la haraka. Pia Kenya ilizindua mwaka 2024 sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambapo unapimwa kwa unachokijua na kupewa cheti kinacholingana. Anza kukusanya ushahidi leo: picha za kazi zako, barua za wateja, majina ya uliowafundisha. Na usikose kujifunza kusoma michoro, maana hapo ndipo mafundi wazuri wa jua kali huangukia.

Kuna mtu anauza kozi ya "6G" ya wiki mbili. Ni kweli?

6G ni namna ya kuchomelea bomba lililofungwa kwa mshazari wa nyuzi 45 bila kuruhusiwa kuligeuza, kwa hiyo fundi hulizunguka na kuchomelea chini, ubavuni na juu ya kichwa. Ni jaribio gumu. Fundi aliyeiva anaweza kunolewa kwa wiki mbili akalipita. Anayeanza hawezi, na anayemwambia anaweza anakula pesa zake.

Jua pia kwamba sifa hii hufungwa kwa kiwango maalumu, kama ASME au ISO 9606, kwa aina fulani ya bomba na rodi, na huhitaji uendelee kuifanya kazi hiyo. Ukikaa miezi sita bila kuigusa inapoteza nguvu. Karatasi iliyoandikwa "6G, ya maisha" haina maana.

## Hali za pekee

Binti yangu anataka kuchomelea. Nimkataze?

Kwa nini? Uliza chuo wasichana wangapi walimaliza, si walioanza, na wanabadilishia nguo wapi. Majibu ya hayo mawili yatakuonyesha chuo kilivyo.

Nina miaka thelathini na nane. Nimechelewa?

Mkono haujachelewa. Macho ndiyo ya kuangalia, kwa kuwa karibu na umri huo mengi huanza kuhitaji miwani ya kusomea, na usipouona mshono huwezi kuufuata. Iko lenzi ya kukuza inayowekwa ndani ya ngao. Tafuta chuo chenye masomo ya jioni au Jumamosi, na hesabu ile ya dakika za moto (tazama swali la kutembelea chuo) ikuongoze zaidi, kwa sababu muda wako ni mchache.

Kazi hii inaharibu macho na kifua?

Ikifanywa ovyo, ndiyo. Mwanga wa kuchomelea huunguza jicho kama jua kali linavyounguza ngozi. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, usiku, kama mchanga ndani ya macho. Miwani ya jua haizuii hilo vya kutosha. Moshi nao si mchezo: mwaka 2017 wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani waliuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mabati yaliyopakwa zinki yakichomwa hutoa moshi mweupe unaoleta homa ya usiku mmoja, na mafundi wengi huidhania malaria.

Kwa hiyo kwenye chuo tazama madirisha, feni za kutoa hewa, na kama mwalimu mwenyewe huvaa ngao. Mwenye pumu azungumze na daktari kabla ya kulipa karo, na afikirie ukerezaji.

Wakala anasema chuo fulani kitampeleka mwanangu Ghuba moja kwa moja.

Chuo na wakala wa ajira ni vitu viwili. Wakala lazima awe na usajili wa mamlaka ya taifa ya ajira. Ukague kabla ya kutoa hata shilingi. Kijana akifika huko atapimwa tena na mwajiri kwa bamba na rodi, na cheti cha kununua hakitamshikia mkono. Waliofaulu kati ya niliowafundisha walikuwa wamechomelea hapa mwaka mmoja au miwili kwanza.

Nimeshalipa na nimegundua chuo ni kibovu. Nifanye nini?

Kwanza maliza muhula uliolipia, lakini usilipe mwingine. Andika kwa mkuu wa chuo ukieleza ulichoahidiwa na ulichopata, ukiambatanisha nakala za risiti. Pesa zisiporudi, peleka malalamiko kwa TVETA. Ukihama, mtaala wa umahiri unakusaidia: sehemu ulizokwisha kupimwa na kufaulu huwa zimeandikwa, kwa hiyo dai rekodi yako kabla hujaondoka, na usikubali ahadi kwamba "itatumwa". Mmoja wa vijana wangu aliifuata ya kwake mara nne. Mara ya nne alikaa kwenye benchi la ofisi kuanzia saa mbili hadi saa tisa na chakula chake kwenye mfuko, wakampa.